Tupa ya kunolea panga haifai kusafishia visanamu

KUSAFISHA kisanamu cha metali kabla ya kukipaka rangi ni kazi inayohitaji subira kuliko nguvu, na chombo kinachoifanikisha au kuiharibu ni tupa.

Visanamu hivyo, ambavyo vingi siku hizi huwa na kimo cha milimita 28 hivi, hutumiwa katika michezo ya vita inayochezewa mezani, uraibu uliokita mizizi Uingereza na Marekani. Mwandishi Mwingereza H.G. Wells aliuandikia mchezo wa aina hiyo kanuni katika kitabu chake, Little Wars, kilichochapishwa mnamo 1913.

Visanamu vya metali hutengenezwa kwa kumimina madini yaliyoyeyushwa katika kalibu ya mpira yenye vipande viwili. Pale vipande vinapokutana, metali hupenya na kuacha mstari mwembamba mfano wa mshono wa nguo. Aidha, vijia vya kupitishia hewa huacha vijimkia vidogo. Mstari huo usipoondolewa, rangi huufichua badala ya kuusitiri.

Ugumu wa kazi unatokana na ulaini wa metali yenyewe. Vingi vya visanamu hivi ni vya bati au risasi, zikiwa zimechanganywa na kiasi kidogo cha madini mengine. Bati huyeyuka kwa nyuzi 232 za selsiasi na risasi kwa nyuzi 327, na risasi halisi hukwaruzika hata kwa ukucha.

Ndiposa tupa ya kunolea panga na majembe haifai. Meno yake makubwa yalikusudiwa chuma kigumu, na kwa misukumo miwili mitatu yanaweza kuufuta uso mzima wa kisanamu. Kilichokwisha kuliwa na tupa hakirudi.

Zinazofaa ni tupa ndogo kama zile za masonara, zenye urefu wa takriban sentimita 14 hadi 16. Ukali wake hupimwa kwa namba za mfumo wa Uswisi, kuanzia 00 hadi 6. Kadiri namba inavyopanda, ndivyo meno yanavyozidi kuwa madogo. Namba 2 yatosha kuondolea vijimkia na mishono minene, nayo namba 4 hulainisha mikwaruzo iliyoachwa na ya kwanza.

Umbo nalo lina uzito wake. Asiyeweza kununua seti nzima na aanze na tupa ya nusu duara: upande wake bapa hufaa ngao na panga, na ule uliobinuka hufuata mikunjo ya joho. Tupa ya mviringo huingia kwapani na katikati ya miguu, ilhali ya pembe tatu hufikia pembe zilizobanana.

Tupa zilizopakwa chembe za almasi huvutia wengi kwa kuwa hudumu zinapotumiwa kwenye metali ngumu. Hata hivyo, kwenye risasi na bati huziba upesi. Hata tupa za kawaida huziba, na dawa yake ni kuyapaka meno chaki kabla ya kuanza, kisha kuyasugua mara kwa mara kwa brashi ya nyuzi za shaba.

Tupa hukata inaposukumwa mbele. Yapasa kuinuliwa wakati wa kurudi, na kusukumwa kwa kufuata mstari wa mshono badala ya kuukatiza.

Isitoshe, tupa iliyotumiwa kwa risasi isirudishwe kwa sonara. Chembe zake zikibaki juu ya fedha au dhahabu inayotiwa moto, huila na kuitoboa.

Lililo zito zaidi ni afya. Katika karne ya 19, mafundi wa mji wa Sheffield, Uingereza, walichonga meno ya tupa kwa nyundo na patasi, tupa ikiwa imelazwa juu ya kipande cha risasi. Wengi wao waliugua kutokana na sumu ya madini hayo.

Watengenezaji wengi wa visanamu waliacha kutumia risasi katika miaka ya 1990, lakini visanamu vya kale bado huuzwa na kununuliwa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto.

Kwa hivyo, kazi hii isifanyiwe jikoni wala mbele ya watoto. Barakoa ivaliwe, vumbi lipanguswe kwa kitambaa kibichi badala ya kufagiwa, na mikono ioshwe kabla ya kushika chakula.

Mwishowe, kisanamu kioshwe kwa maji na sabuni, kikaushwe, kisha kipakwe utando mwepesi wa rangi ya kijivu. Mshono ukijitokeza, tupa irudi kazini. Ukiwa umetoweka na sura ya kisanamu imesalia, basi tupa iliteuliwa vyema.