Pikipiki ya Kwenda Kazini: Rahisi ni Ghali

Mtu anayelala Rongo, kaunti ya Migori, na kufanya kazi mjini Homa Bay husafiri kilomita zipatazo 70 kila siku, kwenda na kurudi. Je, anunue pikipiki gani? Wengi huuliza bei tu, basi!

Kwanza, tazama mafuta. Pikipiki inayokwenda kilomita 50 kwa lita itatumia lita 7 kwa siku 5. Ile ya kilomita 35 itameza lita 10. Lita 3 kila wiki si mchezo.

Pili, uliza spea. Watu wengi wa bodaboda huendesha Boxer na TVS kutoka India, kwa hivyo mafundi wa njiani wanazijua na cheni haikosi dukani. Injini ya sisi 100 au 125 yamtosha mtu mmoja.

Tatu, ikiwa imeshatumika, iwashe injini ikiwa baridi. Moshi wa samawati maana yake inakula oili. Linganisha namba za injini na fremu na zile za logbuku kabla ya kutoa hata shilingi.

Mwisho, usimalize pesa zote: bakisha za kofia ngumu.