Roboti Ikitoka Sebuleni

Roboti ndogo ya magurudumu manne, ile ambayo mwanafunzi huinunua vipande vipande na kujiunganishia, hukimbia vizuri kwenye sakafu ya sebule. Itoe nje, uiweke kando ya lami pale Kola, Machakos, na huenda ikaenda mbele bila taabu. Iamuru ikate kona: itatetemeka, itanguruma, pengine isigeuke kabisa. Wengi hapo hukimbilia kompyuta kurekebisha programu, lakini kosa haliko kwenye programu. Liko pale mpira unapokutana na ardhi.

Roboti hii haina usukani. Hugeuka kwa kuzungusha magurudumu ya upande mmoja kwa kasi kuliko ya upande wa pili, na hapo magurudumu huburuzwa kiubavu. Sakafu huyaacha yateleze, lami huyang'ang'ania. Mota iliyozuiwa kuzunguka huvuta umeme mwingi mno, na umeme huo huishia kuwa joto. Zile mota za manjano za volti 3 hadi 6 zina gia za plastiki, nazo hazivumilii mateso hayo kwa muda mrefu.

Kwa hiyo anza kwa kupunguza. Bakiza magurudumu mawili yenye mota, kisha nyuma weka la tatu linalojigeuza lenyewe. Hilo la tatu lisiwe kigololi, maana kigololi huzama kwenye nyufa na kukwama kwa vumbi.

Kisha ongeza kipenyo. Magurudumu ya kawaida ya vifaa hivi yana sentimita 6.5, na kokoto moja ya muramu inatosha kuyasimamisha. Sojourner, roboti ya Marekani iliyotua Mirihi mwaka 1997, ilikuwa na magurudumu sita ya sentimita 13. Kipimo hicho kinatufaa pia.

Lakini gurudumu likikua maradufu, msukumo wa mota ileile hupungua nusu, na Machakos ni nchi ya vilima. Mkulima wa huku hachimbi mtaro wa fanya juu kwa kukisia; hupima kwanza mteremko kwa kamba na pimamaji. Mwenye roboti naye afanye vivyo hivyo.

Tuseme roboti yako ina kilo 2 na mteremko ni digrii 10. Kuipandisha kunahitaji nyutoni 3.4 hivi, ongeza 1 kwa ukinzani wa njia, upate 4.4. Nusu kipenyo cha gurudumu ni sentimita 6.5, kwa hiyo kila mota kati ya zile mbili itabeba takriban kilo-sentimita 1.5. Namba inayoandikwa kwenye mota mara nyingi ni ya mota iliyokwama, si ya mota inayofanya kazi siku nzima. Nunua basi iliyoandikwa 6, yenye gia za chuma. Vishikizo vyake fundi wa jua kali atavikata kwa bati nene.

Umeme nao ukaguliwe. Kiendeshi cha L298N, kinachopendwa kwa bei yake, hula takriban volti 2 kabla mota haijapata chochote. Tumia cha kisasa zaidi, na uweke fyuzi karibu na betri. Vihisi vya mwanga usioonekana hupofushwa na jua la mchana, kwa hiyo vya mawimbi ya sauti vinafaa zaidi. Vumbi jekundu na mvua ya Novemba vitahitaji kisanduku chenye mfuniko, na matundu ya hewa yatazame chini.

Kabla ya kununua chochote, chomoa mota, funga uzi mbele ya roboti, uning'inize kwenye mizani ndogo ya kupimia mizigo na uivute taratibu kupanda pale unapotaka ipite. Kisha ivute kwa ubavu. Namba hizo mbili ndizo zitakazokuambia mota gani inakufaa, na kwa nini ile ya kwanza ilishindwa kukata kona.