Figo Mbovu na Dawa Nzuri

Tuseme mzee mwenye ugonjwa wa figo ameshikwa na homa ya mapafu. Hospitalini apewa sindano za antibiotiki, dawa ya kuua vijidudu. Homa yapungua, jamaa wafurahi. Lakini siku ya nne mzee hamtambui tena mwanawe. Achanganya maneno, mikono yashtuka-shtuka yenyewe, kisha asinzia. Hapo minong'ono huanza: huyu asema ni uzee, yule asema amerogwa.

Polepole, ndugu zangu! Kabla ya kumtafuta mchawi, ulizeni habari za ile dawa.

Figo ni chujio la damu, na dawa nyingi za namna hii hutoka mwilini kwa njia ya mkojo. Tazameni ile iitwayo sefepimu. Kwa mtu mwenye figo nzima, nusu yake huondoka katika damu kwa muda wa saa 2 hivi. Kwa yule ambaye figo zake zimekufa, hukaa zaidi ya saa 13. Basi sindano ya pili yaikuta ya kwanza ingalimo, ya tatu yazikuta zote mbili. Dawa yazidi, yaingia ubongoni, na huko yazuia kazi ya kemikali inayotuliza mishipa ya fahamu. Hata kifafa huja. Tena kuna kifafa kisicho na mitetemo, ambacho mtazamaji hudhani ni usingizi tu. Mwaka 2012 idara ya Marekani inayosimamia dawa ilitoa onyo juu ya wagonjwa 59 wa kifafa hicho cha kimya waliopewa sefepimu: 58 kati yao walikuwa na ugonjwa wa figo.

Je, dawa hizi zikataliwe? La, hasha! Homa ya mapafu ingaliweza kumwua mzee. Msizikatize kwa shauri lenu. Mwambieni daktari tangu mwanzo kwamba figo ni mbovu, apunguze kipimo. Fahamu zikivurugika, semeni siku ile ile. Yeye atachunguza, maana sababu nyingine zipo pia, kama sukari kupungua mwilini. Ikiwa kosa ni la dawa, ataibadilisha, au damu itasafishwa kwa mashine, na mara nyingi akili hurudi baada ya siku chache. Daktari hakumjua mzee alivyokuwa akizungumza zamani, ninyi mwajua.

Streptomisini ni shauri jingine. Hiyo nayo hujilimbikiza figo zikilegea, lakini huumiza mshipa wa sikio, na usikivu uliopotea kwa kawaida haurudi. Mgonjwa akilalamika kwamba masikio yavuma au kichwa chazunguka, msingojee kesho.