Leza ya Macho: Pima Konea Kabla ya Kupima Bei

Mgonjwa wa mtoto wa jicho asipopasuliwa huzidi kupoteza nuru. Anayetaka leza ili aachane na miwani yuko katika hali nyingine: akivaa miwani yake anaona vizuri. Jicho lake ni zima, na ndiyo maana hatari ndogo kwake ina uzito mkubwa.

Faida zipo. Wengi waliochaguliwa kwa uangalifu huendesha gari, huogelea na kufanya kazi bila miwani.

Leza huchonga konea, sehemu angavu ya mbele ya jicho, yenye unene wa takribani nusu milimita. Katika njia iitwayo LASIK, daktari hukata kifuniko chembamba cha konea, hukifunua, huchonga chini yake, kisha hukirudisha. Katika njia ya PRK hakuna kifuniko: tabaka la juu kabisa huondolewa na kuachwa liote upya, hivyo maumivu ya siku za mwanzo ni makali zaidi na nafuu huchelewa. Njia zote mbili hupunguza unene wa konea, na kilichochongwa hakirudi. Namba ya miwani ikiwa kubwa, kinachochongwa nacho huwa kingi.

Konea iliyokuwa nyembamba, au iliyoanza kuchongoka kwa ugonjwa wa keratokonasi, inaweza kulegea na kubinuka mbele baadaye, hata miwani ishindwe kusaidia. Mwenye mzio unaomfanya asugue macho kila mara apimwe kwa makini zaidi.

Madhara ya kawaida ni macho kukauka, kwa kuwa neva za konea hukatwa, na kuona duara za mwanga kuzunguka taa usiku. Kwa wengi hupungua baada ya miezi kadhaa. Kwa wachache hubaki. Dereva wa usiku alifikirie hilo.

Aliye chini ya miaka 18, yule ambaye namba yake ya miwani bado inabadilika, mjamzito na anayenyonyesha wasubiri. Aliyevuka miaka 40 ajue kuwa miwani ya kusomea huenda ikahitajika hata baada ya leza.

Kabla ya kulipa, omba kuonyeshwa ramani ya konea yako na unene utakaobaki. Tunza vipimo hivyo maishani: konea iliyochongwa hufanya presha ya jicho isomeke chini kuliko ilivyo, na huvuruga hesabu ya lenzi siku utakapopasuliwa mtoto wa jicho. Daktari akikuambia hufai, usitafute mwingine wa kukukubalia bila vipimo vipya.