Saa ya Kusimama na Haki Zake Tatu



Zimo nyumba za Waislamu ambamo imesimama saa ndefu kuliko mtu, ndani ya kabati la mbao lenye mlango, na ndani ya kabati hilo mna vizito vinavyoning'inia na ufito wa chuma wenye kisahani cha shaba kiendacho kulia na kushoto. Wengine huiita saa ya kabati, wengine saa ya kusimama, na walioirithi huiita saa ya babu. Katika baadhi ya nyumba hizo saa inakwenda. Katika nyingine imenyamaza tangu alipofariki mwenyewe, nayo imebaki kuwa pambo la barazani linalofutwa vumbi siku ya Idi.

Huulizwa: Ya nini kuhangaika na saa kama hiyo, ilhali kila mtu ana simu mfukoni? Jibu letu ni kwamba saa hiyo ni mali, na mali katika mikono ya Muislamu ni amana, na hapana amana isiyo na haki. Twataka kuzieleza hapa haki tatu: haki ya wenye mali, haki ya chombo chenyewe, na haki ya wakati ambao chombo hicho kinauhesabu.

Asili yake

Kupima wakati si jambo geni kwa Waislamu. Sala tano zimefungamana na nyakati zake, na kwa ajili hiyo misikiti mikubwa ya kale iliwekewa wataalamu wa nyakati walioitwa muwaqqit. Mmoja wao ni Ibn al-Shatir wa Msikiti wa Bani Umayya, Damascus, aliyefariki mwaka 1375, ambaye alitengeneza saa ya kivuli cha jua kwa msikiti huo. Kabla yake al-Jazari alimaliza mwaka 1206 kitabu cha vyombo vya ufundi, na humo akaeleza namna za kutengeneza saa za maji. Na katika karne ya 16 Taqi al-Din alifanya kazi ya saa za magurudumu huko Istanbul.

Ama saa ya timazi, yaani ule ufito unaobembea, ilibuniwa na Mholanzi Christiaan Huygens mwaka 1656. Saa za magurudumu za kabla yake ziliweza kukosea kadiri ya robo saa kwa siku moja. Timazi ilipunguza kosa hilo hata likawa la sekunde chache. Baadaye, katika karne hiyo hiyo ya 17, mafundi wa Uingereza walipata njia ya kuifanya timazi ndefu ibembee kidogo tu, ikawezekana kuitia ndani ya kabati jembamba. Jina la "saa ya babu" lilienea kwa Waingereza na Wamarekani kutokana na wimbo wa Mmarekani Henry Clay Work wa mwaka 1876.

Saa hizi hazikubaki kwa Wazungu peke yao. Mafundi wa London walitengeneza saa kwa ajili ya soko la Waturuki, zenye tarakimu zisomwazo na watu wa huko. Na hapa pwani yetu, Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886, ameeleza kwamba saa za namna mbalimbali zilikuwa miongoni mwa mapambo yaliyopendwa katika nyumba za wakubwa wa Unguja.

Haki ya wenye mali

Mtu akifa na akaacha saa, saa hiyo si ya mtoto mkubwa kwa kuwa ni mkubwa, wala si ya yule aliyekuwa akiishi na mzee. Mwenyezi Mungu Mtukufu ametufunza katika Suratun Nisaa, aya ya 7, kwamba wanaume wana fungu na wanawake wana fungu katika waliyoyaacha wazazi na jamaa, kiwe kidogo au kingi. Saa ni katika hicho kidogo au kingi. Wako watu wagawao shamba na nyumba kwa hesabu ya sharia, kisha kitanda, sanduku na saa vikachukuliwa na mwenye nguvu, na dada wakaambiwa, "Nyinyi mna waume zenu." Hiyo ni dhuluma, ingawa kitu chenyewe ni kimoja na huzuni ya msiba ndiyo inayowanyamazisha watu.

Njia ya halali si ngumu. Baada ya kulipa gharama za maziko, madeni na wasia, saa itiwe thamani na mtu mjuzi. Tuseme marehemu ameacha watoto wa kiume wawili na wa kike wawili, wala hapana warithi wengine, na saa imetiwa thamani ya shilingi 600,000. Mafungu ni sita: kila mwanamume apata 200,000 na kila mwanamke 100,000. Mmoja wa wanaume akiitaka saa, atampa nduguye 200,000 na kila dada 100,000, au zihesabiwe katika fungu lake la mali nyingine. Dada akiitaka naye ana haki ile ile ya kuwalipa wenziwe. Wakiridhika wote kumwachia mmoja wao, au kuitoa wakfu msikitini, ni jambo jema. Lakini akiwamo mtoto mdogo katika warithi, fungu lake halisamehewi na yeye wala na mtu mwingine kwa niaba yake, kwani mali ya yatima ni moto.

Haki ya chombo

Saa iliyopatikana kwa halali yataka kutunzwa. Kwanza ni mahali pake. Isimame juu ya sakafu imara, ifungwe ukutani kwa nyuma ili isitikisike wala isimwangukie mtoto. Isigusane na ukuta wenye unyevu, kwa sababu unyevu na chumvi ya pwani hula chuma, na mchwa hupenda mbao zisizopata hewa. Isipigwe na jua la dirishani.

Pili ni mwendo wake. Sikilizeni mlio wake: tik, tak, tik, tak, uwe sawa kama mwendo wa mtu mzima wa miguu. Ukisikia mlio mmoja mrefu na wa pili mfupi, kama mtu achechemeaye, jua kwamba kabati limeinama, nayo haitakawia kusimama. Timazi ya saa hizi kwa kawaida ina urefu wa karibu mita moja, na kila mwendo wake wa upande mmoja ni sekunde moja. Basi kwa usiku na mchana huenda mara 86,400. Chini ya kisahani chake pana nati. Saa ikichelewa, kaza nati ili kisahani kipande juu. Ikitangulia, ilegeze kishuke. Milimita moja tu hubadili mwendo kwa kadiri ya sekunde 43 kwa siku, kwa hiyo zungusha kidogo sana, kisha ngoja siku nzima kabla ya kuigusa tena. Joto nalo hurefusha chuma: timazi ya chuma ikizidiwa joto kwa digrii 10, saa itachelewa kiasi cha sekunde 5 kwa siku.

Tatu ni ufunguo. Nyingi katika saa hizi ni za siku nane, yaani hutiwa ufunguo mara moja kwa wiki. Zungusha polepole, usilazimishe, na kizito kikaribiapo juu, acha. Ukitaka kurekebisha saa ipigayo kengele, usirudishe akrabu nyuma. Ipeleke mbele, na kila ifikapo saa kamili ngoja imalize kupiga. Usitie mafuta ya nazi wala ya kupikia. Mafuta yake ni maalumu, tone dogo katika vitundu vya mihimili, wala si katika meno ya magurudumu. Na kazi hiyo ni bora kumwachia fundi saa, aitazame kila baada ya miaka michache. Shaba usiishike kwa mkono mtupu, maana jasho huacha doa. Na ukitaka kuihamisha saa, toa kwanza vizito na timazi, ukitia alama kizito cha kulia na cha kushoto, kwa kuwa huenda havilingani.

Hapa twataka kuondoa dhana mbili. Saa nyingine husimama siku ya tano au ya sita baada ya kutiwa ufunguo, na watu wakasema ina pepo. Sababu yake ni kwamba siku hizo vizito vimeshuka vikawa sambamba na kisahani cha timazi. Basi kabati likiwa halikufungwa imara, vizito navyo huanza kubembea vikaiibia timazi nguvu zake. Ifungeni ukutani, na pepo huyo ataondoka bila ya kisomo. Dhana ya pili ni kwamba saa husimama kwa kifo cha mwenyewe. Aliyekuwa akiitia ufunguo amekufa, na jamaa wameshughulika na msiba. Saa ya siku nane itafanya nini ila kusimama? Mtume wetu (S.A.W.), jua lilipopatwa siku aliyofariki mwanawe Ibrahim, aliwafundisha watu kwamba jua na mwezi havipatwi kwa ajili ya kufa wala kuishi kwa mtu. Ikiwa ni hivyo kwa jua, saa ya mbao ni nini?

Haki ya wakati

Haki hii ndiyo kubwa kuliko zote. Saa haileti wakati wa sala. Adhuhuri huletwa na kupinduka jua, Alasiri na kivuli, Magharibi na kuchwa, Isha na kutoweka wekundu wa mbingu, na Alfajiri na kupambazuka kwa kweli. Hata hapa kwetu, karibu na mstari wa Ikweta, kuchwa kwa jua hubadilika kadiri ya nusu saa katika mwaka. Kwa hivyo wekeni ratiba ya sala ya mji wenu ndani ya mlango wa saa, na muilinganishe saa na wakati wa kuaminika kila mnapoitia ufunguo. Waturuki walikuwa na desturi ya kuhesabu saa zao kutoka kuchwa kwa jua, wakizirekebisha mara kwa mara, hata serikali yao ilipoiacha hesabu hiyo mwaka 1926. Hesabu yetu ya Kiswahili nayo hufuata kucha na kuchwa. Basi watoto wafundishwe kwamba saa ya kizungu ipigapo mara saba asubuhi, kwetu ni saa moja.

Saa nyingine zina mwezi uliochorwa juu ya uso wake, unaozunguka kwa siku 29 na nusu. Ni ufundi mzuri, lakini mwezi wa mbao haufunguzi Ramadhani. Na wanaoona karaha kuweka kengele nyumbani wamuulize sheikh wao. Saa nyingi zina kijiti cha kuzinyamazisha, nazo zitaendelea kwenda.

Sisi tunaosomesha chuoni twajua kwamba mtoto hafunzwi kulinda wakati kwa maneno peke yake. Mpeni mmoja wa watoto, wa kike au wa kiume, kazi ya kuitia saa ufunguo kila Ijumaa asubuhi, mbele ya mkubwa, asikose wiki hata moja. Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba amali ipendezayo zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile idumuyo, hata ikiwa ndogo. Mtoto aliyezoea kutokosa Ijumaa yake mbele ya saa ataelewa upesi tukimwambia asikose Alfajiri yake mbele ya Mola wake.

Ama nyumba ambayo saa yake inakwenda vyema, shaba yake inang'aa, ikapiga kumi na mbili za asubuhi na jua limekwisha kuchomoza, na wenyewe bado wamelala, nyumba hiyo imetimiza haki ya mbao ikaiacha haki ya Mungu. Wazee waliotuachia saa hizi hawakuzinunua ili zitazamwe. Basi tuzitie ufunguo, na tuinuke kwenda kutawadha.

Wabillahi taufiq.