Kuuza Tena Tiketi ya Msimu: Ni Haki kwa Nani?

Wakazi wengi wa kaunti yetu hufuatilia Ligi Kuu ya Uingereza kila wikendi. Kila klabu ya ligi hiyo hucheza mechi 19 nyumbani, na shabiki mwenye tiketi ya msimu huzilipia zote mapema. Siku asiyoweza kufika, klabu nyingi humruhusu kurudisha kiti chake kwenye mfumo rasmi ili shabiki mwingine akinunue. Kuuza tiketi ya mechi bila idhini ni kosa la jinai huko tangu 1994.

Mnunuzi hulindwa: bei inajulikana, na tiketi si ghushi. Lugha gongana huanza kwa muuzaji. Tuchukue mfano wa tiketi ya msimu ya pauni 1,140, yaani pauni 60 kwa mechi. Klabu inaweza kukiuza kiti hicho kwa bei ya siku, tuseme pauni 75, kisha imrudishie shabiki 60 na kubaki na 15. Kisiponunuliwa, hasara ni ya shabiki.

Je, apewe 75 zote? Hapana. Watu wangeanza kununua tiketi za msimu kama biashara, na walio kwenye orodha ya kusubiri wangezidi kusubiri. Lakini hiyo si sababu ya klabu kujiwekea tofauti hiyo. Ingekuwa haki zaidi mnunuzi alipe 60 pamoja na ada ndogo ya huduma.

Neno “rasmi” pia halimaanishi nafuu. Kwenye soko lake la kuuza tena tiketi za Kombe la Dunia 2026, FIFA iliwaachia wauzaji wajipangie bei, ikakata asilimia 15 kwa muuzaji na 15 nyingine kwa mnunuzi.

Haya yanatuhusu. Kenya, Uganda na Tanzania ndizo wenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika 2027. Wakati wa CHAN, Agosti 2025, CAF ilipunguza watazamaji wa Kasarani hadi 27,000, na viti vinapopungua walanguzi hupata nafasi. Kabla ya kulipa, uliza kama tiketi inaweza kuhamishiwa kwa jina lako, bei yake ya awali ni ngapi, na ada ni kiasi gani. Picha ya tiketi uliyotumiwa kwa WhatsApp huenda imetumwa kwa watu kumi, na mashine ya langoni huikubali mara moja tu.