Makapi ya Kahawa ni Mali ya Mwanachama

Mwanachama wa chama cha msingi katika wilaya za Bukoba na Muleba aghalabu huuza robusta yake ikiwa imekaushwa pamoja na maganda yake. Kahawa hupimwa, mwenyewe huandikiwa stakabadhi, na magunia huondoka kwenda kiwandani kukobolewa. Katika kila kilo 100 za kahawa ya maganda, kahawa safi ipatikanayo ni takriban kilo 50. Zilizobaki ni makapi na vumbi. Kwa mfano, chama kilichokusanya tani 40 za maganda kitapata tani 20 hivi za kahawa safi, na kitakuwa kimeacha kiwandani karibu tani 20 za makapi. Hesabu ya kahawa safi husomwa katika mkutano mkuu hadi kilo ya mwisho. Hesabu ya makapi mara nyingi haisomwi kabisa, wala hapatokei wa kuiuliza.

Jambo hili si dogo. Ardhi ya ukanda wa ziwa hunyeshewa mvua nyingi, na mvua hiyo huchukua rutuba na kuishusha chini mbali na mizizi. Kibanja cha Mhaya hakikuwa na rutuba kwa kudra tu. Kilijengwa na vizazi vya watu waliobeba nyasi kutoka rweya, samadi kutoka zizini na taka za jikoni, wakavirundika chini ya migomba na mibuni. Siku hizi ng'ombe wamepungua katika kaya nyingi, na sehemu kubwa ya rweya imepandwa miti au kulimwa. Wakati huohuo mazao yanayotoka kijijini yameongezeka. Mkungu wa ndizi ulioliwa Miembeni, Bilele au Kashai huacha maganda yake jalalani mjini, na gunia la kahawa huacha makapi yake kiwandani. Kibanja huchotwa kila msimu pasipo kurudishiwa, kisha mkulima hushangaa kuona mibuni ikizaa kidogo na migomba ikitoa mikungu myembamba.

Makapi yana nini ndani yake

Makapi ya kahawa yana potasi kwa wingi, nayo ndiyo chakula ambacho mgomba hukihitaji kuliko vingine vyote. Yana pia naitrojeni kiasi, na yakisambazwa juu ya ardhi huhifadhi unyevu na kuzuia magugu. Hata hivyo haifai kuyamwaga mabichi juu ya miche. Makapi mabichi yana kafeini na tanini ambazo hudumaza mimea michanga, na yanapooza hunyang'anya naitrojeni iliyomo katika udongo.

Njia iliyo salama ni kuyaozesha kwanza. Hupangwa tabaka la makapi, tabaka la samadi na tabaka la majani mabichi, na majivu kidogo juu yake, mpaka rundo lifikie kimo cha mita moja na nusu. Rundo humwagiwa maji, hufunikwa kwa majani ya migomba, na hugeuzwa kila baada ya wiki mbili au tatu. Fimbo ikichomekwa katikati na kutolewa ikiwa ya moto, kazi inaendelea. Ikitoka baridi na kavu, rundo linahitaji maji. Baada ya miezi mitatu au minne hupatikana mboji nyeusi isiyo na harufu mbaya. Huko Karagwe, shirika la MAVUNO likishirikiana na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin limejaribu mboji iliyochanganywa na makaa yaliyosagwa, majivu na kinyesi cha binadamu kilichoondolewa vijidudu kwa joto. Majaribio hayo yameonyesha kwamba taka za nyumbani zaweza kurudisha afya ya udongo uliochoka.

Vikwazo vilivyopo

(a) *Usafiri.* Makapi ni mepesi lakini hujaza nafasi kubwa, hivyo kukodi gari kwa ajili yake peke yake ni hasara. Lakini gari lililopeleka kahawa kiwandani aghalabu hurudi tupu. Inafaa mkataba wa usafirishaji ueleze tangu mwanzo kwamba gari litarudi na makapi.

(b) *Magonjwa.* Mnyauko wa mibuni uligunduliwa mkoani Kagera katika miaka ya 1990, na mnyauko wa migomba ulianzia Muleba mwaka 2006. Kwa hiyo si kila taka ni ya kurudishwa shambani. Mbuni uliokufa kwa mnyauko hung'olewa na kuchomwa papo hapo, wala haupelekwi rundoni au kugeuzwa kuni za jirani. Mgomba mgonjwa vilevile hautolewi nje ya kibanja, na panga lililoukata lipitishwe kwenye moto kabla ya kugusa mgomba mwingine.

(c) *Plastiki.* Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini vifungashio vingine na chupa vingali vinafika vijijini. Taka za sokoni zilizochanganyika na plastiki haziwezi kuwa mboji. Zikitupwa ovyo mjini, mvua huzisukuma katika Mto Kanoni na hatimaye ziwani. Taka zitenganishwe pale zinapozaliwa, jikoni na sokoni, maana kuzichambua jalalani ni kazi isiyokwisha.

(d) *Kilimo hai.* Vyama vinavyouza kahawa ya kilimo hai vina haja zaidi ya mboji, kwani havitumii mbolea za viwandani. Lakini makapi ya kiwandani huweza kuwa yamechanganyika na ya mashamba ya kawaida. Chama kimuulize kwanza mkaguzi wa kilimo hai kabla ya kuyagawa.

Kazi ya katibu na ya mkutano mkuu

Makapi yana wateja. Wachoma matofali huyatumia kama kuni, na yaweza pia kushindiliwa kuwa makaa ya kupikia. Kitu chenye mteja ni mali, na mali ya chama lazima iwe na mwenyewe anayejulikana. Kwa hiyo makatibu wanashauriwa kufanya mambo manne. Kwanza, mkataba wa ukoboaji utaje makapi ni ya nani, na kama yanahesabiwa kuwa sehemu ya malipo ya kukoboa, kiasi hicho kiandikwe. Pili, uzito wa makapi uingizwe katika daftari sambamba na kahawa safi. Tatu, mkutano mkuu ndio uamue kama yatagawiwa au yatauzwa, na fedha zitatumika kwa kazi gani. Nne, yakigawiwa, mgao ufuate kilo zilizoandikwa katika stakabadhi ya kila mwanachama. Pasipo utaratibu huo, atakayefaidika ni mwenye baiskeli au pikipiki na anayeishi kando ya barabara. Mjane aliyeleta kilo 200 kichwani atabaki na stakabadhi yake tu.

Wanachama nao wana wajibu wa kuuliza. Msimu ujao, hesabu ya kahawa safi itakaposomwa, pawepo mtu wa kusimama na kuuliza nusu ya pili ya gunia ilikwenda wapi. Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari.